‘Sikati’: Mpiga video wa Old Moshi na kipande cha isale

Ng'ombe amekwisha kukamuliwa, majani yake ya mchana yamelundikwa bandani, na Elinipendo amesimama juu ya kreti la bia lililopinduliwa, kamera begani, jicho moja limefumbwa. Mbele yake watoto wa kipaimara wanatoka kanisani wawili wawili. Wavulana wamevaa suti zilizonunuliwa kwa hesabu ya kukua, na wasichana wamevaa magauni meupe ambayo mama zao wanayainua yasiguse tope la Old Moshi.

Mvua imenyesha usiku kucha na njia inateleza. Kila mtu hapa anajua kwamba leo kuna mtu ataanguka, ila hajulikani ni nani.

Anaanguka mjomba. Amekuja kutoka Dar es Salaam na viatu vya ncha, amebeba keki kwa mikono miwili, na pale kwenye mizizi ya mparachichi anakaa chini ghafla, tope hadi kwenye tai. Keki imebaki salama juu ya magoti yake. Shangazi wanapiga vigelegele.

“Mama Kamera, hicho kipande ukikate!” anapiga kelele mjomba akiwa bado chini.

“Sikati!” anajibu Elinipendo bila kuinua uso.

Uwanja mzima unaangua kicheko. “Hakati! Huyu hakati! Kamuulizeni Mzee Aminieli!”

Mgeni atadhani ni utani wa sherehe tu. Utani upo kweli, lakini nyuma yake kuna mwaka mzima wa barua za serikali, vikao, nongwa za ukoo, na mama mmoja marehemu ambaye maneno yake yalitakiwa yafutwe. Elinipendo amekataa kuyafuta. Amekataa kwenye simu, amekataa nyumbani kwake, na amekataa Arusha mbele ya meza ndefu yenye maji ya chupa.

Ana miaka arobaini na saba. Mume wake, Shedrack, ni mwongoza watalii, siku nyingi yuko mlimani. Yeye mwenyewe hupiga video za kipaimara, harusi, misiba na mahafali kuanzia huku juu hadi Mabogini kwenye mashamba ya mpunga. Kwa kipaimara kimoja hulipwa laki moja na nusu, siku njema laki mbili. Msimu ukiisha anarudi kwenye ng'ombe, migomba na kahawa kama jirani yeyote.

“Miaka kumi na tano nimewapiga watu wakila mbuzi wa ndafu,” anasema huku akibadilisha betri. “Nikajiuliza, hivi mimi kazi yangu ni ndafu tu? Hawa watu hawana habari nyingine?”

Habari nyingine alikuwa nayo, tena jirani kabisa. Ndipo akatunga filamu yake ya kwanza, akaiita “Mjane wa Mgombani”. Hakuwa na waigizaji wa kulipwa. Aliwachukua wanakwaya, muuza duka, fundi baiskeli, na kwa nafasi ya mjane akamchukua Bibi Eliona.

Bibi Eliona alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, muuza maziwa, mwenye kilemba cha kitenge ambacho hakukivua hata jua likiwaka. Kusoma alisoma Biblia tu. Kuigiza hakuwahi. Lakini ujane aliujua: mume wake alifariki watoto wakiwa wadogo, na kabla tanga halijaisha, kihamba chake kilikuwa kimeanza kupungua.

Kihamba, kwa asiyejua, ndilo shamba la nyumbani huku mlimani, lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Mipaka yake haiwekwi kwa seng'enge. Inawekwa kwa masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa kwa mstari. Na masale ya Bibi Eliona yalihama. Kila msimu yalionekana yamesogea kidogo kuelekea nyumba yake, mpaka akawa anaanika nguo kwenye ardhi ambayo si yake tena.

Aliyekuwa upande wa pili wa mpaka ni shemeji yake, Mzee Aminieli.

Sasa isale, yaani jani moja la masale hayo, lina kazi yake nyingine, na hii ndiyo iliyozaa kesi. Mtu akikukosea huku, tena kosa la kweli, anakuja kwako na isale mkononi kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama umeapa, hata kama donge limekukaa kooni, unapokea. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Katika filamu, mashemeji wanamletea mjane isale baada ya kumla shamba. Elinipendo aliandika kwamba mjane analipokea, analia, muziki wa kwaya unaingia, mwisho. Watu wangefuta machozi na kwenda zao.

“Nilikuwa nimeiandika vizuri mno,” anasema na kucheka peke yake. “Bibi Eliona akaisikiliza, akasema sawa mwanangu. Tukawasha kamera.”

Kamera ikawaka. Mashemeji wa kuigiza wakafika mlangoni na isale lao. Bibi Eliona akawatazama mmoja mmoja, akafuta mikono kwenye kanga, halafu akasema maneno ambayo hayakuandikwa popote:

“Isale nimeliona. Ni la kijani, ni zuri. Lakini mmekuja na jani, udongo wangu mmeuacha kwenu. Rudini nalo. Siku mtakayokuja na mpaka wangu, hata jani la mgomba nitalipokea.”

Akafunga mlango. Fundi baiskeli, aliyekuwa shemeji mkubwa, alibaki ameduwaa na isale mkononi, kwa sababu hakuambiwa afanye nini. Kwenye filamu anaonekana hivyo hivyo, ameduwaa. Hakuigiza.

“Nikazima kamera,” anakumbuka Elinipendo. “Nikamfuata ndani. Nikamkuta amekaa kitandani. Nikamwuliza, Bibi, mbona umebadilisha? Akaniambia, ‘Mwanangu, mimi sijawahi kuletewa hilo jani. Hata la uongo. Leo nimeletewa, uongo wenyewe wa kamera, nikaona nijibu kabisa, maana sijui kama nitaletewa tena.’”

Hakuletewa tena. Masika yaliyofuata Bibi Eliona aliugua kifua na akafariki. Filamu ilikuwa haijakamilika, na hakuiona hata kipande.

Tangu hapo Elinipendo akawa na jambo moja tu kichwani: kile kipande kionekane. Alipeleka filamu kwa kamati ya kanda inayokagua filamu, akapewa kibali. Desemba, wakati wa Krismasi, watu wa mlimani walipokuwa wamerudi nyumbani na magari yao, akaionesha kwenye ukumbi wa usharika. Mchungaji alitoa ukumbi, Rachel, binti wa Bibi Eliona, alipika chai ya maziwa.

Kipande cha isale kilipofika, mama mmoja nyuma akasema, “Yelewii!” Na mwingine akasema, “Mwambie!” Ikawa vurugu ya furaha, watu wanapiga makofi kama wako harusini. Wanawake waliokuwa na masale yao yaliyohama, na wako wengi kuliko unavyodhani, walitoka pale wakiyarudia yale maneno njiani.

Mzee Aminieli alikuwa amekaa safu ya tatu. Alitoka kabla ya mwisho.

Januari malalamiko ya Mzee Aminieli yakafika kwenye kamati. Machi, taarifa rasmi ikamfikia Elinipendo, yenye muhuri na nambari ya kumbukumbu ndefu. Anaijua kwa moyo, na huisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

“Imebainika kuwa kipande cha kukataliwa kwa isale kinadhalilisha mila na kinaweza kuleta uvunjifu wa amani. Filamu isioneshwe tena hadharani mpaka kipande hicho kitakapoondolewa, picha na sauti.”

Anaikunja. “Mila! Masale yalipokuwa yanatembea, mila ilikuwa imelala? Mama wa watu anafungua mdomo mara moja, tena kwenye filamu, ndio mila imeamka inalia!”

Mzee Aminieli, alipotafutwa kwa ajili ya simulizi hii, hakukimbia. Ni mtu wa miaka themanini kasoro, mrefu, mwenye koti la sufu na fimbo, na ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba kwa heshima zote.

“Mimi sikatazi filamu,” alisema. “Nina televisheni, natazama. Nakataza matusi. Mtoto akiona isale linarudishwa mlangoni, kesho atarudisha nini? Tutabaki na nini sisi?” Kuhusu mpaka, alisema ni mambo ya familia, na fimbo yake ikagonga sakafu.

Hoja yake si ya kudharau. Wazee wengi waliiunga mkono, na ukoo wake ni mkubwa. Msimu huo harusi tatu za ukoo huo zilimpita Elinipendo zikiwa njiani kwenda kwa wapiga video wa mjini Moshi. Shemeji zake mwenyewe walimshauri akate tu, maisha yaendelee. Hata Shedrack aliposhuka mlimani alimwuliza kama dakika nne za kipande kile zina thamani ya ada ya mtoto.

“Nikamwambia, baba, mimi nina mkasi mzuri,” anasema. “Nimekata walevi kwenye harusi, nimekata bwana harusi akipiga miayo, nimekata mama mkwe akinuna. Kila mtu hapa nimemkatia aibu yake. Lakini Bibi Eliona hakufanya aibu. Nikimkata yeye nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii ni mimi nimeshika koleo.”

Anasema hivyo na machozi yanamlengalenga, halafu anaikasirikia kamera kana kwamba ndiyo iliyomliza.

Basi akakaa na ile taarifa, akaisoma tena. Kipande kiondolewe, picha na sauti. Sawa. Hakuna mahali waliposema muda wake nao uondolewe.

Jumatatu ya Pasaka akatangaza kwamba filamu itaoneshwa, imerekebishwa kwa amri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mashemeji wa filamu walipofika mlangoni na isale, pazia la kuoneshea picha likawa jeusi. Hakuna picha, hakuna sauti. Giza tu, kwa urefu ule ule wa kipande chenyewe.

Watu walikohoa. Mtu akadhani umeme umekatika, akalaani. Halafu kutoka upande wa akina mama, sauti ya Rachel ikasema, taratibu, kama anayeanzisha wimbo:

“Isale nimeliona. Ni la kijani, ni zuri.”

Na wengine wakadakia. Hawakupangwa, Elinipendo anaapa hakupanga. Wanawake wa kwaya, wauza ndizi, bibi wa mkongojo, mwalimu wa shule ya msingi, wote wakasema: mmekuja na jani, udongo wangu mmeuacha kwenu. Wakamaliza hadi jani la mgomba. Wengine walilia gizani, na ilikuwa vizuri kulia gizani kwa sababu hakuna aliyeonekana. Picha iliporudi, ilikuwa fundi baiskeli ameduwaa, na ukumbi ukacheka hadi machozi yakakauka.

Kesho yake afisa wa kamati akampigia simu. Elinipendo huigiza mazungumzo hayo kwenye kila sherehe, na kila mara watu huyaomba tena.

“Mama, umetufanyia nini?”

“Nimetii, mheshimiwa.”

“Tumeambiwa yale maneno yamesemwa ukumbini!”

“Kwenye filamu hayapo. Nikuletee uangalie? Kuna giza tupu.”

“Sasa mbona watu wameyasema?”

“Hao hawajakaguliwa, mheshimiwa. Ni washarika.”

Afisa, anasema, alianza kukohoa, na Elinipendo anadhani alikuwa anazuia kicheko. Lakini kicheko si kibali. Aliitwa Arusha kwenye kikao cha kamati mwezi Agosti, yeye na mlalamikaji. Aliambiwa pia kwamba pande mbili zikipatana kabla ya kikao, mambo yatakuwa mepesi.

Hapo ndipo Mzee Aminieli alipofanya kosa ambalo ni mtu wa huku tu angelifanya.

Ilikuwa mchana, wiki moja kabla ya kikao. Elinipendo amekaa nje anamenya ndizi za mtori. Anaona watu wawili wanaingia kwenye njia ya migomba. Mbele ni Basili, jirani Mkatoliki, mkulima wa kahawa, mtu ambaye pande zote zinamwamini. Nyuma yake ni Mzee Aminieli. Na mikononi mwa Mzee Aminieli kuna isale, kilele kizima cha kijani, jani la juu limefungwa fundo.

“Kisu kiliniponyoka,” anasema Elinipendo. “Nikasema, basi, nimekwisha. Mzee amenipata.”

Ilikuwa hesabu ya akili, usimdharau. Isale halikataliwi. Mzee angeomba yaishe, Elinipendo angepokea, na kupokea kungekuwa kukubali. Kipande kingeondoka, na giza lake lingeondoka nacho, bila kamati kuulizwa. Kama angelikataa, angekuwa amethibitisha mbele ya shahidi kwamba filamu yake inawafundisha watu kurudisha masale.

“Watu wanadhani mimi nina moyo kama wa Bibi Eliona,” anasema. “Thubutu! Kulirudisha lile jani sikuweza. Nilisikia aibu mpaka miguuni. Ndiyo kwanza nikajua yule mama alifanya nini siku ile.”

Akasimama. Akanawa mikono. Akalipokea isale kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa kwa mzee.

“Nimelipokea, baba. Aika mbe,” akasema, akishukuru kwa Kichaga. Kisha akabaki amesimama nalo. “Sasa nitajie kosa.”

Mzee Aminieli akashangaa. “Kosa gani? Nimekuja kwa amani.”

“Isale limekuja, baba. Anayelileta ndiye aliyekosa. Nami nitasamehe, lakini sharti nijue nasamehe nini.”

Mzee akamtazama Basili amsaidie. Na Basili, mtu wa watu, ambaye aliombwa tu kusindikiza, akakuna kichwa na kusema lile ambalo halikuwa kwenye mpango: “Ni kweli, mzee. Halija bure hili. Lazima useme.”

Basili mwenyewe amethibitisha. “Ningefanyaje?” anauliza. “Mimi ndiye shahidi. Isale likija bubu, na mimi nikakaa kimya, kesho nani ataniita tena?”

Mzee Aminieli alikuja akidhani ameleta ufunguo, kumbe ameleta ungamo. Kurudi nalo hakuwezi, limeshapokelewa. Kuondoka bila kusema hakuwezi, Basili yupo. Mwishowe akainamisha kichwa.

“Nimekosa kukushtaki,” alisema.

“Limekwisha, baba. Nimesamehe kabisa, sina kinyongo.”

“Haya. Basi sasa kile kipande ukikate.”

Elinipendo akacheka kidogo, kwa hofu, anasema, si kwa dharau. “Baba, isale limeomba msamaha, limepewa. Mkasi halikuomba. Na kama kuna kosa jingine, hilo si langu kulisamehe. Mwenye nalo yuko kaburini, na mtoto wake yuko hapo jirani yako.”

“Umenila!” alisema Mzee Aminieli. Akaondoka, pombe ya mbege aliyokaribishwa ameiacha kwenye kata. Basili aliinywa, maana alikuwa na kiu.

Habari ilifika barabarani kabla yao. Mtu aliyetamka mbele ya shahidi kwamba amekosa kushtaki hawezi kwenda Arusha kushtaki. Siku ya kikao, kiti cha mlalamikaji kilikaa tupu.

Kamati haikumaliza jambo kwa sababu hiyo tu, na huo ni utaratibu wake. Walimwambia kwamba taarifa ikishatolewa inahusu jamii yote, si mtu mmoja. Walimwuliza maswali mengi, kwa adabu, na kumwomba mara ya mwisho afikirie kuondoa kipande chenyewe, na giza nalo, ili filamu ipate kibali kipya na iuzwe hata kwenye mabasi ya kwenda mikoani. Hiyo ni pesa ambayo Elinipendo hajawahi kuishika.

“Mama, utakata?” aliuliza mwenyekiti.

“Sikati.”

“Kwa nini?”

Elinipendo alikuwa ameandaa maelezo kwenye karatasi, ameyaacha kwenye mkoba. Alisema tu: “Wengine wote mle ndani wanaigiza. Yule mama haigizi. Mkiniambia nimtoe asiyeigiza, nibaki na waigizaji, mtakuwa mmenifundisha kazi mbaya.”

Waliandika. Uamuzi, walisema, utatolewa kwa maandishi. Mpaka simulizi hii inaandikwa, haujafika.

Na isale? Elinipendo hakukaa nalo. Jioni ile ile alimpelekea Rachel. Rachel, ambaye ana ulimi mfupi na jembe refu, alitoka nalo, akapita nguo zilizoanikwa, akapita migomba ya Mzee Aminieli, akafika pale ambapo mpaka wa mama yake ulikuwa zamani, kwenye jiwe ambalo kila mtu analikumbuka na hakuna aliyekuwa akilitaja. Akachimba, akalipanda.

Watu walikuja kuangalia kama wanakuja kuona gari lililopinduka. Kung'oa isale la mpaka si jambo la mchezo, lakini wakasema, huyu mzee ataling'oa tu, ngojeni. Anapita hapo kila asubuhi kwenda kukata majani ya ng'ombe, panga mkononi.

Limeshika. Limetoa jani jipya, laini, bado limejikunja. Hapo pembeni kuna kahawa ya Mzee Aminieli, na safari hii hajaipalilia miche iliyobaki upande wa Rachel wa isale. Rachel anasema anangoja aone. Hajaigusa.

Mzee Aminieli alipoulizwa kuhusu isale hilo, alitazama mikono yake. Mtu aliyetegemea kusikia ukali angekosa.

“Nililileta mimi mwenyewe,” alisema. “Kwa mikono hii, Basili akiona. Sasa nitaling'oaje?”

Akaingia ndani, hakutoka tena.

Huku kwenye kipaimara, mjomba amebadilisha suruali na keki imekatwa. Elinipendo ameshuka kwenye kreti, anakula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwa mkono mmoja, mkono wa pili haujaachia kamera. Kila anayepita anamwuliza kuhusu Desemba. Watu wanakuja nyumbani, ukumbi wa usharika umeshaombwa, mchungaji amekubali, Rachel atapika chai.

“Kibali kikifika, mtamwona Bibi Eliona uso kwa uso, kilemba chake na yote,” anawaambia. “Kisipofika, nitaweka giza lake pale pale, dakika zake zote, nanyi mtasema. Kwa vyovyote maneno yake yatasikika humo ndani.”

Anafuta vidole kwenye jani la mgomba, anapanda tena kwenye kreti.

“Na Mzee Aminieli nimemwekea kiti,” anaongeza, jicho likiwa limesharudi kwenye kamera. “Safu ya mbele.”